Aliyeambiwa Nafasi Hakuna



Ofisini kwangu huingia vijana wenye vyeti vizuri, nami huwajibu: nafasi hakuna. Jibu hilo huniuma. Basi leo nawasimulieni habari za kijana aliyejibiwa hivyo mara mbili.

Oktoba 1904 James Joyce, mwenye umri wa miaka 22, aliondoka Dublin pamoja na Nora Barnacle. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya Berlitz mjini Zürich. Kufika, nafasi hakuna. Akaelekezwa Trieste, nako hakuna. Lakini mkuu wa Berlitz huko akampatia kazi Pola, kufundisha maofisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria. Mwaka 1905 akahamia Trieste.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa Trieste alikuwa Ettore Schmitz, mfanyabiashara wa rangi za meli, aliyekwisha kutoa riwaya mbili zisijaliwe na mtu. Mwalimu alizisoma, akazisifu. Mwanafunzi akashika kalamu tena. Mwaka 1923, kwa jina la Italo Svevo, akatoa riwaya iliyomletea sifa Ulaya.

Vijana, nisemapo nafasi hakuna, nasemea ofisi yangu tu. Bisheni hodi mji wa pili, na wa tatu. Nasi tulio vitini, tukikosa nafasi ya kuwapa, tusikose neno la kuwaelekeza.