Rangi ya Jino la Mtoto wa Mbwa Ina Habari: Tuisome Mapema

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa kata, kabla ya kuanza kwa zoezi la chanjo ya mbwa



Nimepewa dakika chache kabla wataalamu wa mifugo hawajaanza kazi iliyotukutanisha hapa. Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni habari. Nitakayoyasema juu ya dawa na magonjwa nimefundishwa na wataalamu hao. Makosa nitakayoyasimulia ni yangu mwenyewe.

Mwaka jana mbwa wangu jike alipata kidonda mguuni akiwa na mimba. Nyumbani ilikuwapo chupa ya oksitetrasaiklini, ile dawa ambayo wengi wetu tunaiita OTC, iliyobaki baada ya kumtibu mbuzi. Nilikadiria kipimo kwa macho, nikamchoma sindano siku kadhaa, wala sikumwuliza mtu. Kidonda kikapona, nami nikajiona fundi. Baadaye akazaa watoto wanne. Meno yao yalipoota yalikuwa ya njano, na kadiri wiki zilivyopita yakaelekea hudhurungi.

Binti yangu mwenye umri wa miaka tisa alimwonea huruma mmoja wao. Akasaga mkaa, akatafuta mswaki wa zamani, akamshika mtoto wa mbwa na kuanza kumsugua. Mnyama akaumia, akamng'ata kidoleni hata damu ikatoka. Mama wa mbwa huyo hakuwa amechanjwa, kwa kuwa siku ya chanjo ilipofika nilikuwa safarini na sikumwachia mtu kazi hiyo.

Tulikiosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukaenda kituo cha afya siku ileile, mtoto akaanzishiwa sindano za kinga. Ofisa mifugo akaagiza yule mbwa mdogo afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Ndugu zangu, siku hizo 10 sitazisahau. Kila alfajiri nilikwenda bandani kutazama kama anakula na kama anameza maji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Mbwa alibaki mzima, na binti yangu akamaliza sindano zake. Lakini chanzo cha hofu yote ile kilikuwa ile chupa ya dawa mkononi mwangu.

Sasa niwaeleze nilichojifunza. Mtoto wa mbwa huzaliwa hana meno. Meno ya utoto, 28 kwa jumla, huanza kuota katika wiki ya tatu au ya nne. Kuanzia takriban mwezi wa nne huanza kung'oka na kuyapisha meno ya ukubwani, ambayo ni 42, na kwa kawaida yote huwa yamekwisha kuota ifikapo mwezi wa saba. Lakini jino hujengwa ndani ya ufizi muda mrefu kabla halijaonekana. Lililompata mnyama wakati wa ujenzi huo hubaki limeandikwa katika jino.

Oksitetrasaiklini na dawa za jamii yake hushikamana na madini ya jino linalojengwa. Akipewa mbwa mwenye mimba, meno ya utoto ya watoto wake huweza kuathirika. Akipewa mtoto wa mbwa katika miezi yake ya kwanza, doa huweza kuingia katika meno ya ukubwani, na hilo halitoki maisha yake yote. Si uchafu wa juu. Mkaa, mchanga na majivu haviliondoi, bali hulikwangua gamba la jino na kuumiza fizi. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za jamii hii kwa kawaida hawapewi wajawazito wala watoto wetu wenye umri wa chini ya miaka 8.

Rangi nyingine zina habari nyingine. Meno ya ukubwani yakiota na vishimo au mistari ya kahawia, huenda mnyama aliugua sana utotoni, hasa distempa, ugonjwa wa virusi unaoleta homa, makamasi mazito, kuhara na pengine degedege. Jino moja likigeuka waridi, zambarau au kijivu huku mengine ni meupe, aghalabu lilipata pigo na limekufa kwa ndani. Utando wa njano unaoanzia kwenye ufizi, ukiambatana na harufu mbaya, ni ukoga, nao huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa. Na chonge mbili zikisimama pamoja mahali pa moja, jino la utoto limekataa kung'oka. Chakula hunasa hapo na ufizi huoza. Yote haya mpelekee ofisa mifugo wa kata ayatazame.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, tusimpe mbwa dawa iliyobaki kwa ng'ombe au mbuzi. Tumwulize mtaalamu, na tumweleze kama mbwa ana mimba au ananyonyesha. Pili, tusafishe meno ya mbwa kwa kitambaa laini na maji, tukimzoesha taratibu. Tusitumie dawa ya meno ya watu, kwa maana baadhi yake zina utamu wa zailitoli, ambao ni sumu kwa mbwa. Mawe na mifupa iliyopikwa tusimwachie atafune, kwani huvunja meno.

Tatu, mbwa anayetokwa na mate, taya limelegea na kumeza kumemshinda, asitiwe mkono kinywani kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Tujitenge naye, tuwaondoe watoto, na tutoe taarifa kwa ofisa mifugo au mwenyekiti wa kitongoji mara moja. Nne, kila mbwa aliyefikisha miezi mitatu aletwe kwenye chanjo, arudishwe kwa tarehe iliyoandikwa, na kadi yake itunzwe. Wakati wa chanjo, mwombe mtaalamu amwangalie na kinywa; yeye anajua namna ya kumshika.

Nimalizie na yule mbwa mdogo. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuchomwa dawa ile, meno yake ya hudhurungi yaling'oka moja baada ya jingine, na mapya yakaota meupe. Si kila mwenye kosa kama langu hupata nafasi hiyo ya pili. Leo nimekuja naye, amefungwa pale chini ya mwembe, na kadi yake iko mfukoni mwangu. Nitapanga foleni pamoja nanyi.