Mate ni Mlinzi wa Meno ya Mtoto

Leo tunaongea juu ya mate. Musicheke. Mate tunayatema chini bila kufikiri, kumbe ndiyo yanayolinda meno usiku na mchana.

Mate yanatoka wapi?
Yanatoka katika tezi. Kubwa ni sita: mbili mbele ya masikio, mbili chini ya taya, mbili chini ya ulimi. Mtu mzima anatoa karibu nusu litre mpaka litre 1 na nusu kwa siku. Tukitafuna, mate yanaongezeka. Tukilala usingizi, yanapungua sana.

Yanafanya kazi gani?
Kinywani mna vijidudu vinavyopenda sukari. Vikiisha kuila, vinatoa maji makali, ndiyo asidi, nayo inakula jino. Basi mate yanasukuma mabaki ya chakula, yanapunguza ukali wa asidi, tena yanarudisha madini juu ya jino. Lakini kazi hii inataka wakati, karibu nusu saa mpaka saa moja.

Sasa fikiri, mama. Asubuhi mtoto amekunywa chai ya sukari. Kidogo tu, bombo. Kidogo tena, muwa. Mate yatamaliza kazi saa ngapi? Na usiku ni hatari zaidi. Ukimlaza na biberoni ya chai ya sukari, sukari inakaa kwa meno, na mate ni kidogo. Sufuria ya bugali isipotiwa maji inakuwaje asubuhi? Kinywa pia ni vile vile.

Fanyeni hivi:
1. Vitu vya sukari vitolewe pamoja na chakula, siyo kila saa.
2. Mtoto akiwa na kiu, mpe maji safi.
3. Endelea kumnyonyesha, lakini asilale na biberoni yenye sukari.
4. Tangu jino la kwanza, safisha asubuhi na jioni kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Kwa mtoto mdogo, kiasi cha punje ya mchele kinatosha.

Ukiona alama nyeupe karibu na ufizi, usiseme, "Ni meno ya maziwa, yataanguka tu." Jino bovu linauma, mtoto anakataa kula, anakonda. Shavu likivimba na homa ikipanda, mlete hospitali siku ile ile, usingoje kesho.