Ugonjwa wa Tezi ya Shingo na Pensheni ya Ulemavu

Katika kutoa pensheni ya ulemavu, sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu hifadhi ya jamii haitazami jina la ugonjwa bali uwezo wa kazi uliopotea. Daktari anayetambuliwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (CNSS) huthibitisha upungufu wa kudumu unaomzuia mfanyakazi kupata zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa mwenzake mwenye mafunzo sawa.

Goita kubwa, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, hutisha macho, lakini mwenye nayo huenda bado ana nguvu. Kinyume chake, tezi isiyofanya kazi vya kutosha, hata bila uvimbe, humletea mtu uchovu, kuhisi baridi na usahaulifu. Kwa wengi, kidonge cha kila siku hurudisha afya. Lakini hata akipoteza uwezo wa kazi, mkulima wa jimbo la Ituri asiyeandikishwa CNSS hapati pensheni ya ulemavu, na hilo ni pengo zito. Aliyeandikishwa atunze vipimo vyote vya damu na ripoti za daktari.