Wajibu wa Mkopeshaji
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi si haba, na twamshukuru Mungu. Katika furaha hii twaomba ruhusa kuzungumza habari ya mikopo, maana wako wanachama wanaotutaka tulegeze masharti. Kabla ya kukata shauri, yafaa tuyatazame yaliyoipata Marekani.

Huko, kabla ya mwaka 2007, watu wengi wenye sifa hafifu ya kulipa madeni walikopeshwa fedha za kununua nyumba, na nyumba zenyewe zikawekwa rehani. Mingi ya mikopo hiyo ilikuwa ya miaka 30: miaka 2 ya kwanza riba nafuu, kisha riba ikapanda. Wengine hawakutakiwa hata kuonyesha hati ya mapato. Mkopeshaji hakuogopa, kwa kuwa deni hakulishika. Aliliuza kwa mabenki makubwa, nayo yakalichanganya na maelfu mengine na kuwauzia watu wa mbali wasiomjua mkopaji.

Bei za nyumba zilipoanguka, mkopaji hakuweza kulipa wala kuuza. Mamilioni ya nyumba yalichukuliwa. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini huko matanga yaliingia hata kwa jirani asiyekopa, maana nyumba tupu hushusha thamani ya mtaa mzima. Tarehe 15 Septemba, 2008, benki ya Lehman Brothers, iliyoanzishwa mwaka 1850, ikafilisika.

Mamlaka ya kuzuia hayo yalikuwapo. Sheria ya mwaka 1994 iliipa Benki Kuu ya nchi hiyo uwezo wa kukataza mikopo ya hila, lakini kanuni pana zilitolewa Julai 2008, moto umekwisha kushika paa. Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 ikaunda ofisi ya kuwalinda wakopaji; na tangu Januari 2014 mkopeshaji wa nyumba alilazimika kuhakikisha kwanza kwamba mkopaji ataweza kulipa.

Ndugu wanachama, sisi madeni yetu hatuyauzi. Tunayakopesha yale yaliyowekwa akiba na jirani, na hasara ni yetu sote. Kwa hiyo Kamati ya Mikopo ikikuuliza stakabadhi za mazao, haikudharau. Inakulinda wewe na jirani yako. Kama majibu yachelewa, na tuyaharakishe; lakini maswali tusiyafute.