Mama, Binti na Mgonjwa wa Nyumbani

 

Leo nataka tuongee juu ya sinema. Najua wazee wengine wa kanisa watakunja uso, lakini nivumilieni. Sinema hii ni ya kwetu Kenya. Ilitoka mwaka wa 2018, jina lake Supa Modo, nayo iliongozwa na Likarion Wainaina. Ilionyeshwa Berlin, Ujerumani, na mwaka huo huo Kenya ikaituma kushindania tuzo ya Oscar. Watu wake husema Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza, wakichanganya kama tunavyochanganya sisi sokoni.

Habari yenyewe ni hii. Jo, msichana wa miaka 9, ana ugonjwa usioponyeka. Mama yake, Kathryn, anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini Maweni amalizie siku zake huko. Jo anapenda mno sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Anaye dada mkubwa, Mwix, kijana mwenye kichwa kigumu. Mama ataka Jo akae ndani apumzike. Mwix aona kumfungia hivyo ni kumzika kabla ya wakati. Basi anaanza kumfanya mdogo wake aamini kwamba yeye pia ana nguvu hizo, na kuwaingiza watu wa kijiji katika siri hiyo. Hapo ndipo mama na binti wanapogongana.

Wengine watasema Mwix hana adabu, na kweli amri ya tano ipo. Mimi pia sipendi mgonjwa adanganywe, hata kwa huruma. Lakini tazama vizuri. Wote wawili wanampenda mtoto yule yule. Mama anataka siku za Jo ziwe nyingi; binti anataka ziwe na furaha.

Nimeketi katika nyumba nyingi zenye wagonjwa hapa Nakuru. Mama hunong'ona na daktari, na mchungaji, na shangazi. Binti mkubwa, ambaye ndiye anayechota maji, anayemwosha mgonjwa na kukesha naye, haambiwi neno. Eti yeye ni mtoto. Halafu akinuna ama akijibu vibaya, tunaitwa tumwombee atokwe na pepo wa ukaidi. Jamani! Huyo hana pepo. Ana huzuni, na hakuna aliyemwuliza.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 15, yuko mama Mkanaani ambaye binti yake aliteswa vibaya. Mama huyo alitoka akapaza sauti njiani mpaka wanafunzi wakachoka naye. Alijibiwa neno gumu, hata hivyo hakurudi nyuma. Huwa najiuliza kama binti yule alijua mama yake amekwenda wapi siku ile. Mathayo hatuambii.

Binti wa Mkanaani alipona. Jo haponi, na nashukuru kwamba sinema haikutudanganya hapo, maana wengi wanaonisikiliza wameomba wala hawakupewa kama walivyoomba. Kinachobadilika Maweni ni kwamba mama naye anaingia katika kazi ile, na kijiji kizima kinamtengenezea Jo sinema ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe.

Mama unayenisikiliza, labda una mgonjwa nyumbani, na binti ambaye hamjasemezana tangu juma lililopita. Mwite leo jioni mkiwa jikoni. Usianze na makosa yake. Mwambie daktari alisema nini, kisha nyamaza, naye aseme. Mkilia, lieni. Chai itangoja.