Namba ya Mwenzako Si Mali ya Kikundi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lubao)

  

Leo hatukuja na mambo ya mbolea wala kuku. Tumekuja kuongea juu ya daftari la katibu. Karibu kila kikundi tunachotembelea, daftari hilo lina jina la mtu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na mara nyingine hata jina la mrithi wake. Zamani lilifungiwa sandukuni pamoja na pesa. Siku hizi pesa ziko kwa simu, na daftari limebaki juu ya meza likingoja mtu alipige picha.

Na huyo mtu huja. Anasema yeye ni wa mradi, anaomba orodha tu. Katibu kwa ukarimu anampa. Baada ya siku chache meseji zinaanza: mkopo wa haraka, dawa ya mifugo, ploti ya bei nafuu. Halafu mwingine anapiga simu, anamwita mama kwa majina yake yote matatu, anataja na kikundi chake, anasema amepata tangi la maji, atume tu pesa kidogo ya usafiri. Mama anatuma. Mtu anayejua kikundi changu atakuwaje mwongo? Meseji unaweza kufuta, lakini pesa iliyokwenda ni taabu kurudi, na katibu kuaminiwa tena ni taabu zaidi.

Msidhani ni mambo ya kijijini peke yake. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia mtandaoni wakakuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakujiunga navyo. Nani alitoa majina na namba za vitambulisho? Kila mtu alikuwa anauliza hivyo.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu. Halafu ikaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambako hata mwananchi wa kawaida anaweza kupeleka malalamiko. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000, maana ilipata majina na namba za watu kupitia kwa wengine ikawatumia vitisho.

Sasa tugeuze upande wa pili, maana hata sisi tunauza. Mna miche, mna asali, mna mboga, na mteja akikuachia namba unafurahi. Lakini amekuachia kwa kazi gani? Mtu amenunua mbwa hapa Lubao, amekuachia namba umkumbushe siku ya chanjo. Huyo hakuomba habari za miche yako ya parachichi! Ukitaka kumtumia, muulize kwanza, palepale mkiwa mnaongea: "Tukiwa na bidhaa nyingine, tukutumie meseji?" Akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, andika tarehe aliyokubali. Kila meseji itaje kikundi chenu, na imwonyeshe njia rahisi ya kujitoa, kwa mfano kujibu neno TOSHA. Akijibu hivyo, mfute siku hiyohiyo bila kumpigia kumwuliza kwa nini amekasirika. Na saa nne usiku si saa ya kutangaza sukuma wiki.

Kuhusu grupu za WhatsApp tutasema wazi: kumtia mtu kwa grupu bila kumwuliza ni kuonyesha namba yake kwa watu wote walio humo, pamoja na wale asiowajua. Kwa wateja ni heri orodha ya matangazo. Hapo kila mmoja anapata ujumbe peke yake wala haoni namba za wengine, ila ni lazima awe ameihifadhi namba yenu. Na wewe usiyetaka kuvutwavutwa, ingia sehemu ya faragha katika WhatsApp yako, uchague ni nani anayeweza kukuingiza kwa grupu. Kama hujui, kijana yeyote hapa atakuonyesha.

Mgeni akija kuomba orodha, katibu asitoe siku hiyo. Amwambie aache barua na namba yake mwenyewe. Barua isomwe kwa mkutano, na anayetaka kupigiwa ataje namba yake kwa hiari. Mradi wa kweli utangoja wiki moja.

Kabla hatujafungua maswali, makatibu watuletee madaftari hapa mbele. Hatutayasoma. Tunataka tu kuona ni mangapi yana jalada.