Tusingoje Maziko


Mgonjwa apewaye dawa akarudi kwenye upweke amepona nusu tu. Kule Harare, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wazee waketi na wagonjwa katika mabenchi ya zahanati. Humsikiliza mwenye mawazo mengi, kisha humpeleka katika kikundi cha wenzake. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za huzuni kuu walikuwa 14 katika kila 100. Kwa waliopewa uangalizi wa kawaida, walikuwa 50.

Ndugu zangu, chama chetu hukusanyika upesi kwa maziko. Nawasihi tuiombe zahanati ituelekeze kwa wapweke wake wangali hai.